Tulipomtolea Meneja Makochi Nje

Padri ameniuliza mara tatu kama nimemsamehe yule mtu, na mara tatu nimemjibu: bado, Baba, nikiwa tayari nitakuja mwenyewe. Siku hizi haniulizi tena. Mimi siwezi kudanganya kwenye kitubio. Namchukia, na nikipata nafasi ya kumkera, naitumia.

Alikuja kuwa meneja wetu kwenye kinu cha mahindi hapa Songea, baada ya kinu kununuliwa na watu wengine. Mimi nilikuwa nashona midomo ya viroba vya unga, kazi niliyoianza mtoto wangu wa kwanza akiwa bado ananyonya. Siku ile ya kwanza alipita kati yetu akimuuliza kila mtu kabila lake. Niliposema Mngoni, akapiga makofi. "Ala! Kumbe watumwa wangu wapo huku!" Yeye Mhehe. Nikamjibu pale pale, sindano mkononi, kwamba afunge mdomo kabla sijaushona, na kwamba mbwa wa pale kinuni wana mwenyewe, asije akawageuza kitoweo. Watu wakaangua kicheko mpaka mashine ikazimwa. Wangoni na Wahehe ni watani, walipigana huko zamani mpaka wakachoshana. Mtani anakutukana, anakula chakula chako bila kukaribishwa, anakuja msibani kwako anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukitaka akuachie unampa kitu kidogo, mnacheka, yameisha.

Nilimpenda, sifichi. Alikuwa akipita kota jioni, anaingia jikoni kwangu, anafunua sufuria. "Leo mmepika panya wangapi?" Mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imekufa ganzi miaka mingi, alicheka mpaka akajifuta machozi. Akisikia tu hodi yake, alikuwa anasema, "Mume wangu huyo, mpeni kiti."

Kota yetu ilikuwa nyumba nane nyuma ya kinu, matofali ya kuchoma, bati zenye kutu. Si nyumba za kujisifia. Lakini marehemu mume wangu alikuwa amepigilia mti mrefu ukutani, kuanzia mlango wa chumba cha mama mpaka chooni, na mama alikuwa anaushika kwa mikono miwili, anajiburuta taratibu, anakwenda, anarudi. Peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kumbeba mama yangu kwenda chooni, na hilo ndilo lilikuwa jambo lake la kujivunia kuliko hata watoto aliowazaa.

Halafu ikabandikwa barua kwenye mlango wa stoo. Wafanyakazi wote wanaoishi kota wawe wamehama mwisho wa mwezi, nyumba zinabomolewa kupisha ghala. Kazi unabaki nayo, pa kulala utajijua. Na mvua ndiyo hiyo inakuja. Chini kuna sahihi ya mtani wangu.

Nilimfuata ofisini nikamwambia habari ya mama na ule mti. Akasema, "Mtani, na wewe! Mama yako nitamwoa, nimhamishie kwangu." Akacheka. Mimi nikacheka pia, mjinga mimi, kwa mazoea.

Nilipofika nyumbani ndipo hasira ikanishika. Nikawaita wanawake wenzangu wa kota, tukawa watano, nikawaambia huyu dawa yake ni utani wake mwenyewe. Jumapili ile mtoto wake alikuwa na kipaimara, nyumbani kwake kumejaa wageni, padri yupo, wakubwa wa mjini wapo. Tukaingia kwa vigelegele. Tukabeba kochi la kwanza, wageni wakiwa bado wanashangaa. La pili. Meza ya kioo. Televisheni. Vyote nje, kwenye majani, karibu na geti. Mimi nikakaa kwenye kochi, nikakunja nne kama anavyokunja yeye, nikatoa sauti yake ya puani: "Mwisho wa mwezi muwe mmehama! Napisha ghala!" Jamani, watu walicheka! Padri alishika ukuta. Nikamwangalia meneja usoni, nikaona shavu linamcheza, na raha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikajua nimemkomesha.

Alichofanya ni kwenda bandani kwake, akarudi na jogoo mkubwa mwekundu. "Watani zangu, nimeshindwa. Pokeeni, mnirudishie makochi." Tukapokea. Tukarudisha makochi. Jogoo tukaenda kumla kota kwa nderemo, mama akapewa paja.

Mngoni gani hajui maana ya kupokea jogoo wa mtani? Nilijua tangu nikiwa mtoto. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mtendaji wa kata, kumwomba atusemee tukae mpaka mvua ziishe. Meneja akaitwa, akaja anatabasamu. "Mzee, hawa ni watani zangu. Juzi tu wamenitolea vitu nje mbele ya padri." Mtendaji alikuwa ameshazisikia habari hizo, mji wote ulikuwa umezisikia. Akatuuliza, huku akizuia kicheko, "Alitoa jogoo?"

"Alitoa."

"Mkampokea?"

"Tulimpokea."

"Basi si yameisha, mama zangu? Mnataka na mtetea?"

Nikasema hapana mzee, hili la nyumba si utani, kuna mgonjwa. Meneja akanyoosha mikono. "Unaona? Hata hapa ananitania!" Nikapandisha sauti. Wakacheka zaidi. Nikapiga meza. Karani alilazimika kutoka nje kwenda kuchekea huko. Kila nilivyozidi kukasirika, ndivyo nilivyozidi kuwachekesha. Tulitoka pale na aibu yetu, na tangu siku hiyo wenzangu wawili hawakunisemesha, kwa sababu wazo lile la makochi lilikuwa langu.

Tulihama na mvua. Nilipata chumba huko Mshangano, ukuta una unyevu, choo kiko ng'ambo ya uwanja, cha wapangaji wote, njia yake ni tope tupu. Mama alilazimika kubebwa. Mara ya kwanza nilimbeba mgongoni mchana kweupe, wapangaji wanatazama, akafunika uso kwa khanga. Nikamletea ndoo ndani, akageukia ukutani. Baada ya siku chache akaanza kusema hana njaa. Nikimpa uji anameza vijiko viwili, anasema nimeshiba, mwanangu. Nilidhani ni homa. Nilichelewa kuelewa kwamba mama alikuwa ameacha kula ili asihitaji kwenda chooni. Nilipomwambia najua, alisema, "Basi kama unajua, niache." Miezi miwili haikuisha.

Siku ya maziko alikuja. Haki ya Mungu alikuja! Nilimsikia kabla sijamwona, analia kile kilio cha watani cha kuchekesha, "Mke wangu! Umeniachia nani panya zangu!" Waombolezaji wakaanza kutabasamu, maana msiba bila watani hauna ladha. Jeneza lilipoinuliwa, akasimama mlangoni, akatanua mikono. "Hatoki mtu hapa! Hatoki mpaka nilipwe!" Kaka yangu akaingiza mkono mfukoni kutafuta chochote, na yeye anatabasamu.

Nikainuka. Nilimwambia kaka toa huo mkono. Nikamwendea yule bwana mpaka karibu kabisa, nikasema, wala sikupiga kelele, "Akiwa hai ulimtoa mwenyewe. Na sasa mtoe."

Hakucheka mtu. Alinitazama kama anasubiri nimalizie utani. Sikumalizia. Nikamwonyesha mahali pa kushika, mbele, upande wa kulia. Akashusha mikono, akainama, akaweka bega.

Kwetu wabebaji hupokezana njiani, ukichoka unageuza shingo na mwenzako anakuja. Makaburini ni mbali, kuna kilima, na tope lilikuwa linameza viatu vyake vya ofisini. Kaka yangu alipokewa, na wengine wakapokewa. Yeye aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, na wanaume wote wa kota yetu walikuwa pale, wazima, wana mabega. Wakatazama mbele. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikiangalia shati linavyolowa jasho, na niliomba, Mungu anisamehe, niliomba kilima kiongezeke na jeneza limlemee mpaka apige magoti. Lakini mama hakuwa mzito. Alikuwa hali.