Kiatu cha Rehani

Mama yangu hakupenda kushikwa mkono. Hilo ilibidi mtu alijue mapema, maana wapo waliojitia wema wakamshika kiwiko pale stendi ya Korogwe, akawamiminia maneno ya Kizigua ambayo mimi sitayaandika hapa. Alizaliwa Handeni, upande wa nyika, akaugua ugonjwa wa kupooza angali mtoto, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia. Baba, ambaye alikuwa Mshambaa wa Kwashemshi, alimwoa hivyo hivyo, na mguu wake na mdomo wake, na alikuwa akisema kwamba kati ya hivyo viwili kilichomtoa jasho ni mdomo.

Kiatu cha mguu huo alitengenezewa na fundi wa pale stendi. Ilikuwa katambuga ya tairi la lori, soli juu ya soli, imepigwa misumari, nzito kama tofali. Akikivaa, mabega yake yalikaa sawa. Akikivua, bega moja lilianguka na kiuno kikapinda, kwa hiyo hakukivua mbele ya mtu. Hata mimi, mwanawe niliyelala naye chumba kimoja baada ya baba kufariki, nilimwona akikivua akiwa amekaa kitandani na kukivaa akiwa bado amekaa.

Wakati wa foleni mama aliteseka. Duka lilikuwa moja la ushirika, sabuni ilikuwa aina moja, tena ikija. Watu waliweka mawe kwenye foleni yakawasimamia huku wao wamejipumzisha kivulini, lakini mzigo ukifika hakuna aliyelijua jiwe la mwenzake. Walisukumana. Mara nyingi mama alirudi nyumbani na vumbi mgongoni na kikapu kitupu, na hasira zote zikaishia kwangu.

Kisha ikaja miaka ya ruhusa. Vitu vikamwagika. Mitumba, betri, biskuti za kila rangi, sabuni za kunukia zilizokuwa zimefungwa kwa karatasi laini mpaka unaona huruma kuzifungua. Na siku moja mtoto wa hapo hapo mjini, ambaye mama alimjua tangu anatambaa, alirudi kutoka Dar es Salaam na kitambi, akafungua duka akaliita supamaketi. Humo hukusimama kaunta ukanyoosha kidole. Uliingia mwenyewe, ukatembea, ukachagua.

Alikuwa amenunua pia matoroli. Kwetu toroli lilikuwa lile la gurudumu moja la kubebea mchanga. Haya yalikuwa na magurudumu manne na tumbo la nyavu za chuma, yametumika huko ng'ambo yakachokwa, yakaja kwetu kama kila kitu kingine kilichochokwa. Mama alilishika moja, akaliegemea kidogo, akasukuma. Nikaona mgongo wake umenyooka. Kikapu siku zote kilimvuta upande mmoja, akaniacha nibebe mimi, na mtu anayebebewa huishia kuchaguliwa vitu pia. Toroli lilimbebea bila kumshika.

Tangu siku hiyo, kila gulio, siku ya soko, tulikwenda. Mimi nilitakiwa nibaki nyuma. Mama alipita kwenye rafu za sabuni akanusa moja moja, akaziweka, akazirudia, halafu akanunua ile ile ya mche aliyoizoea. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua, alinijibu: "Zamani niliinunua kwa sababu ilikuwa peke yake. Sasa naichagua." Nilimwona mjinga. Leo nikisimama mbele ya rafu, na mimi nanusa.

Matatizo yalianza toroli moja lilipoonekana stendi limepakiwa magunia ya mahindi kutoka Mkata. Mwenye duka aliwaka. Matoroli yale yalikuwa na makufuli yake tangu huko yalikotoka: kijisanduku kwenye mpini, na mnyororo mfupi uliofunga toroli hili kwa lile. Ulitakiwa uchomeke sarafu, mnyororo uachie. Ukirudisha toroli, sarafu yako inatoka. Ila sarafu yenyewe ilikuwa ya nchi nyingine, na shilingi yetu haikuingia. Kwa hiyo alimwita fundi bati, akakatiwa vipande vya mviringo vya kiasi kile, akavigawa mlangoni.

Vipande vikapotea. Watoto walivichezea, akina mama walivisahau kwenye pindo la kanga. Kufuli la kulinda toroli sasa likahitaji kulindwa lenyewe. Akasema anayetaka kipande aache rehani. Watu wakaacha vitambaa vilivyochakaa na vikapu vilivyotoboka, wakaenda zao wakiwa na furaha. Basi akili ikamjia, akabandika kadibodi mlangoni: KIATU CHA KUSHOTO KIACHWE KAUNTA. ASIYERUDISHA TOROLI HARUDISHIWI KIATU.

Na watu walitii! Hicho ndicho kilichonichoma. Watu wazima, wenye wajukuu, walisukuma matoroli kwenye sakafu ya saruji mguu mmoja na kandambili, mwingine mtupu. Niliwaona wafugaji waliotoka nyika za Handeni kuuza ng'ombe wakivua katambuga moja na kuingia wakichechemea kwa tahadhari, kama sakafu ina miiba. Lakini mtu wa ofisi, mwenye shati la kuchomekea, alipita na viatu vyake viwili vikimeremeta, akachukua kipande na salamu juu.

Tulifika siku ya gulio, kadibodi ikiwa bado mpya. Mwenye duka alikuwa kaunta mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Kiatu, mama."

Mama alimtazama. "Kiatu gani?"

"Cha kushoto. Ndiyo utaratibu wetu siku hizi."

Mimi sikuweza kunyamaza. Nilimwambia amwangalie anayemwomba kiatu, kisha akiangalie na kiatu chenyewe. Nilimwonyesha bwana wa ofisi aliyekuwa akipita mbele yetu. "Mbona huyu hakuvua?"

"Huyu ni mtumishi, dada. Anajulikana."

"Na mama yangu hajulikani? Mtu aliyekubeba mgongoni?"

Nyuma yetu palikuwa na mfugaji mmoja, mtu wa makamo, mkononi ameshika katambuga yake tayari kuitoa. Akaishusha taratibu, akasubiri. Mwenye duka aliona watu wanamtazama, akatafuta upole. Alivuta kiti kutoka nyuma ya kaunta.

"Basi tusifike huko. Mama akae hapa apumzike. Wewe dada ingia, umchagulie."

Laiti angemtukana. Tusi mama angelirudisha, tena na nyongeza. Lakini kuchaguliwa! Mama alishika ukingo wa kaunta, akainama, akafungua mkanda, akakivua kiatu mbele ya watu wote, akakiweka juu ya kaunta. Kilitua kwa kishindo, na karanga zilizokuwa kwenye sahani ya mizani zikaruka.

"Lete kipande," alisema.

Sijui nisemeje jinsi alivyotembea siku ile. Bega la kushoto lilikwenda chini, kiuno kikatoka nje, ncha za vidole ndizo zilizogusa sakafu, na kila hatua toroli lilivutika upande akalirudisha kwa nguvu za mikono. Mama mmoja alimkimbilia amshike, akageuziwa jicho akarudi. Nilitaka kulia, na nililia, si kwa huruma bali kwa hasira, maana mwanamke huyu alikuwa ameficha mwendo huo maisha yake yote, na sasa ulikuwa mali ya kila aliyekuja kununua chumvi.

Yeye hakuharakisha. Alikwenda kwenye sabuni. Alinusa ya waridi, akanusa ya limau, akairudia ya waridi. Alisoma karatasi ya biskuti mbele na nyuma, na ninajua alisoma kwa shida. Aliuliza kwa sauti kama mafuta ya nazi ni ya mwaka huu. Mwisho alichukua sabuni yake ya mche na majani ya chai, akalipa, akasukuma toroli kuelekea mlangoni. Hakusimama.

"Mama," mwenye duka alisema, "toroli linabaki."

"Linabaki wapi?"

"Hapa. Rudisha toroli, nikupe kiatu chako."

"Sikitaki."

Alidhani hakusikia vizuri. Mama alimwonyesha kadibodi kwa kidevu. "Umeandika wewe, au ameandika mwingine? Asiyerudisha toroli harudishiwi kiatu. Haya, mimi sirudishi. Rehani unayo, kaa nayo."

"Lakini mama, kiatu hiki nitampa nani?"

"Hilo ulipaswa kujiuliza ulipokiomba."

Akatoka. Mwenye duka alisimama na kiatu mkononi. Angefanya nini? Angekwenda polisi aseme nini, kwamba mteja ameifuata kadibodi yake? Watu walianza kucheka, kwanza taratibu kama wanakohoa, kisha wazi. Yule mfugaji aliivaa tena katambuga yake, akatoka nasi.

Nyumbani kwetu kulikuwa ng'ambo ya reli. Magurudumu yale madogo yaliumbiwa sakafu, siyo kokoto, na kwenye reli yalinasa kabisa. Mfugaji alikuja mbio, akalinyanyua toroli na vilivyomo, akalivusha, akaliweka chini mbele ya mama bila kumgusa hata ukucha. "Yeyo," alimwambia, wanavyomwita mama kwao, "leo umemkomesha." Mama akamshukuru, akaendelea kusukuma. Akina mama wa mtaani walitoka majikoni kumtazama, na aliyeuliza alijibiwa: "Nimelinunua kwa kiatu."

Asubuhi yake nilimkuta ameshakaa mlangoni kwenye kigoda, ameegemea ukuta, toroli liko ubavuni. Hakutaka kuja jikoni. Aliomba chai aletewe hapo hapo. Nilidhani anataka kila mpita njia aione nyara yake, nikacheka peke yangu.

Mwenye duka alikuja jua likiwa limepanda, kiatu amekifunga kwenye gazeti. Aliamkia. Mama aliitikia, lakini hakunyanyuka kumpokea, na kwetu kumpokea mgeni ukiwa umekaa ni sawa na kumtemea mate. Yule bwana akaelewa, akabaki amesimama juani.

"Mama, nimekuletea kiatu. Naomba toroli, yaishe."

"Kivae kwanza."

"Nini?"

"Umekilaza dukani kwako usiku kucha. Kivae, utembee mpaka pale jikoni, urudi. Kisha tuzungumze."

Alicheka. Mama hakucheka, mimi sikucheka, na majirani waliokuwa wamejipanga kwenye ua wa miti nao hawakucheka. Basi alivua kiatu chake cha ngozi, akaingiza mguu kwenye lile tairi. Akainuka upande mmoja. Akapiga hatua, na huyo bwana mwenye miguu miwili sawa akawa kilema. Kitambi kilikwenda kulia, kichwa kikaenda kushoto, mikono ikatafuta pa kushika hewani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alifika jikoni, akageuka kwa taabu, akarudi jasho likimtoka.

"Nisamehe, mama," alisema, na nadhani alisema kweli. "Kuanzia leo wewe dukani kwangu huachi kiatu. Ingia utakavyo."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako mama, kwa heshima yako."

"Basi hujatembea vya kutosha. Nenda tena."

Na alikwenda! Mpaka leo sijui kwa nini hakutupa kile kiatu akaondoka zake. Labda ni kwa sababu kweli alibebwa mgongoni. Alikwenda mpaka jikoni, akashika nguzo akapumua, akarudi polepole, safari hii macho yakiwa chini kwenye mguu wake.

"Sawa," alisema. "Hakuna atakayevua kiatu. Kadibodi naitoa."

"Toroli hilo hapo. Chukua."

Alikiweka kiatu miguuni pa mama, akavaa chake, akalisukuma toroli kwenye kokoto. Tulilisikia likigonga mawe mpaka kwenye kona, na sauti za akina mama zikimwuliza rehani yake ameiacha kwa nani.

Alipopotea, majirani wakarudi kwenye kazi zao. Mimi nilikuwa nataka kushangilia, nataka kupiga vigelegele. Mama aliniita kwa sauti ndogo, ambayo sikuizoea.

"Wameondoka wote?"

"Wote, mama."

"Nyonga imekufa tangu jana usiku. Nilitambaa mpaka hapa kungali giza. Njoo uninyanyue, kabla hajapita mtu."

Nilipiga magoti, nikamvalisha kiatu, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Miguu haikushika kabisa, uzito wake wote ulikuwa juu yangu, na nilisikia meno yake yakisagana kwa maumivu sikioni mwangu.

"Gulio lijalo tunarudi pale," alisema, akiwa amening'inia shingoni mwangu, "na ole wake atakayenishika mkono."