Nafasi Katikati ya Bata wa Mbao

Juzi sokoni Newtown, huku ugenini tunakoishi sasa, niliona bata wa mbao, wa kupamba sebule, wamepangwa mezani midomo yote ikielekea upande mmoja. Nikakawia pale mpaka muuzaji akaniuliza, "Sista, unanunua au unawachunga?"

Papa alichonga bata kama hao tulipokuwa bado Kongo. Alasiri moja alinipeleka kwenye kinamasi kilichonuka tope na majani yaliyooza. Bunduki yake nilidhani ni ya nyoka. Bata wake walielea juani, wametawanyika. Kisha upepo ukageuka na mawingu yakashuka. Papa akaingia majini hadi kiunoni, akawasogeza wakaribiane, akawaelekeza wote kwenye upepo, akaacha nafasi tupu katikati.

"Papa, wanasikia baridi?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapo katikati ni pa nani?"

"Pa wageni. Nyamaza sasa, wasituogope."

Nyumbani mama naye alibakiza nafasi mkekani kwa mgeni asiyetarajiwa, kwa hiyo nilielewa. Bata wa kweli walipozunguka juu yetu, nilinong'ona, "Karibuni." Wakashuka palepale walipoachiwa. Mlio wa bunduki ulibaki masikioni mwangu mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa najua kwamba bata hutua wakikabili upepo, na kwamba nafasi ile ilikuwa ndiyo mtego wenyewe. Nina digrii pia. Lakini kila ninapoitwa kwenye usaili wa kazi, wakatabasamu na kunionyesha kiti kitupu, kwanza natazama mikono yao iko wapi.