Maji ya Sketi

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Hapana, nasema uongo: tisini na saba, maana farasi wa jirani yetu Gejza, aliyekuwa akimbebea, alikuwa ameshakufa, na Dezider akawa anakokota udongo wa matofali mwenyewe.

Huyo Dezider alikuwa mfyatua matofali wa mtaa wetu wa Waroma, chini ya mji, huko mashariki mwa Slovakia. Alizaliwa kwenye matope hayo, akaoa kwenye matope hayo, na nusu ya kuta za mtaa zilitoka mikononi mwake. Alipoacha pombe, akaomba ubatizo. Mkewe Aranka alikuwa ameshabatizwa, naye kila Jumapili aliumega mkate wa Bwana peke yake, mumewe amekaa benchi la nyuma kama mgeni. Sasa misheni ilikuwa inamhamisha Pasta Ondrej. Ubatizo ni kesho, au basi tena.

Pasta, gajo kama tunavyowaita wasio wetu, lakini mwenye moyo mzuri, akatuonyesha kidimbwi cha mto, chini ya mtaa, yanakoteremkia maji ya mjini.

"Hapa pametulia," akasema.

Watu wakatazamana. Hapo ndipo wanawake hufulia sketi. Na nguo ya kiunoni kwenda chini, kwetu haiingii beseni moja na shati, seuze maji yake kumwagiwa mtu kichwani.

"Pasta, hayo ni maji ya sketi," Dezider akasema.

"Ndugu yangu, maji ni maji."

Jirani yake Vilma akaangua kicheko. "Dezo wee! Gongo ya plamu umeinywa kwenye debe la mafuta ya trekta, leo sketi ndiyo inakutisha?"

"Ile iliingia tumboni, shemeji. Huyu anataka kunivika sketi ya mama mkwe kichwani!"

"Basi wapi?" Pasta akauliza.

Dezider akanyoosha kidole kule mtoni, upande wa juu wa daraja la mjini, wanakoogelea watoto wa magajo.

"Kule watatufukuza, ndugu."

"Wafukuze. Mimi chini sizami."

Asubuhi yake, kengele za mjini zikilia, akakatiza katikati ya mji na shati jeupe, Aranka nyuma na taulo, Pasta nyuma zaidi. Akaingia mtoni mpaka kifuani. Watu wakajazana darajani. Polisi akaja mbio.

"Wewe mzee, toka! Unachafua maji ya watu!"

"Sitoki kabla sijazama. Pasta, unaingia, au nijizamishe mwenyewe?"

Pasta akamtazama polisi, akatazama viatu vyake. Akavivua.

Dezider alipoibuka, Aranka alikuwa analia kwa sauti, taulo limemdondokea majini. Yeye akajipangusa masharubu, akamgeukia polisi, akamuuliza taratibu neno ambalo mpaka leo, kila wakikutana sokoni, hajajibiwa:

"Hebu niambie, bwana. Mto huu ni maji ya watu mpaka wapi?"