Supu ya Kununua

Huyu ni Bibi Mizani, binti wa mchimba visima, mjukuu wa mkunga aliyepokea nusu ya watu wa mtaa, mke wa dereva wa lori. Amesomesha watoto kwa meza ya mboga sokoni, na jina la Mizani alipewa kwa kuwa hakuwahi kumpunja mtu hata kitunguu. Meza hiyo aliiacha siku mumewe alipopigwa na kiharusi.

Tangu siku hiyo mzee amelala chumbani, na kilichopita kooni mwake ni supu ya mboga tu. Bibi aliipika mwenyewe. Lakini vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, na kumenya karoti kukawa kazi ya asubuhi nzima.

"Mama, piga hesabu mwenyewe," alisema mkwewe, mshonaji, bila kuinuka kwenye cherehani. "Karoti, viazi, nyanya, bado mkaa. Bakuli la pale mkahawani ni rahisi kuliko huo mkaa peke yake."

Bibi alipiga hesabu kimoyomoyo. Binti wa watu hakukosea.

"Haya, kanunue. Ila uimimine kwenye sufuria yangu, na mzee asijue."

Supu ikaja, nzito, imeiva vizuri. Bibi aliionja akaikubali shingo upande. Mzee alipokea kijiko kimoja, akafumba mdomo. Jioni vivyo hivyo. Kesho yake tena. Mashavu yakaanza kubonyea, na Bibi akaingiwa na hofu asiyotaka mkwe aione.

"Baba watoto, mbona wanifanyia hivi? Imezidi chumvi?"

"Supu haina neno." Maneno yalimtoka kwa taabu, moja moja. "Wewe... sikusikii."

"Hunisikii vipi, na majirani wamechoshwa na mdomo wangu?"

Upande mmoja wa uso wake ukacheka. Akainua mkono ulio mzima, akagonga mbao za kitanda: ko, ko, ko. "Kisu," alisema. "Nikisikia kisu, njaa inakuja."

Bibi akautazama ukuta wa kitandani. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta ule ule. Zamani, mzee akirudi alfajiri kutoka safari ndefu, alilala kama gogo, na alipozinduka hakujua yuko mji gani mpaka asikie mkewe anakata mboga. Alimwambia hivyo mara nyingi, naye akidhani ni utani wa madereva. Kwenye ile hesabu ya supu, jambo hilo hakulitia.

Akaenda sokoni, akarudi na karoti. Kisu kikamponyoka mara ya kwanza, mara ya pili kikamkwaruza.

"Mwanangu, acha cherehani kidogo."

Mkwe akaja, akauona mkono, akatafuta kitambaa. Bibi akamsukumia ubao na kisu.

"Vidole vyangu vimekwisha. Kuanzia leo unakata wewe, mimi nitaangalia moto."

"Mama, mimi nakata ovyo. Vipande vyangu vitakutia aibu."

"Kata hivyo hivyo. Ila ubao usogeze ukutani."