Madamu na Rangi ya Kijani

Nina miezi mitatu tu tangu niajiriwe kufundisha darasa la awali hapa Ruhuwiko, na bado sijathibitishwa kazini. Wiki iliyopita niliwapa watoto rangi za chakula, bluu na njano, tuchanganye kwa vidole kwenye visahani. Kijani kilipotokea, darasa zima lililipuka.

"Madamu, imegeuka! Imegeuka!"

Niliruka kuliko wao, jasho likinitoka, nikawa nalifuta juu ya mdomo huku nacheka. Baadaye kidogo wakaanza kunitazama na kucheka hadi wanashika matumbo. Nikajisemea moyoni, leo nimefundisha kweli kweli!

Furaha ikanituma mbio ofisini kumwita mwalimu mkuu. Nikamkuta na afisa elimu kata, mzee ambaye maoni yake ndiyo yangeamua kazi yangu.

"Shikamoo, mzee! Njoo darasani uone maajabu."

"Marahaba, mwalimu," aliitikia taratibu, akinikazia macho usoni. Nikajua ari yangu imemvutia. Njia nzima nikamweleza faida za kujifunza kwa vitendo, naye akawa anakohoa kwenye leso. Nikampa pole ya mafua.

Tulipoingia, nikasimama kifua mbele.

"Haya, wanangu, mwonyesheni mgeni wetu. Kijani kiko wapi?"

Hakuna aliyegusa kisahani. Vidole vyote vidogo vilinielekea mimi, na Neema wa dawati la mbele akajibu kwa adabu zote:

"Kwenye masharubu yako, madamu."