Mikono ya Waziri Mkuu wa Kwanza

Siku ya kwanza ya kazi sikushika burashi. Patron, mwenye karakana yetu ya picha hapa Likasi, alinipa mfuko mtupu wa unga niufue. Ukikauka tunaupigilia kwenye fremu na kuupaka rangi nyeupe, ile tuliyoiita fond, ndipo sura inakuja. Siku hiyo ilikuwa sura ya Waziri Mkuu wetu wa kwanza, yule wa uhuru, amefungwa mikono nyuma.

Nikauliza mbona mikono haionekani. Baba yangu aliwahi kumsikia akihutubia, na alituambia kila mara kwamba mkono wa yule mtu ulianza kusema kabla ya mdomo.

"Weye mutoto, mikono inakulaka saa mingi," Patron akasema. "Umutie kamba kwa mugongo, tumalize!"

Njo hivyo kazi ilivyokuwa, vijana. Mkono unamtesa mchoraji: ukikosea kidogo tu, vidole vinakuwa mihogo. Kamba ilituokoa. Wengine mjini humu hawakumtaka ukutani kabisa, lakini waliomtaka, walimtaka akiteseka. Patron alipofariki, Chef aliyeshika nafasi yake akasema yaleyale. Nikachora miwani, tai, kamba. Miwani, tai, kamba. Nikastaafu nikiamini nimemheshimu.

Heshima gani! Juzi binti yangu Rejina, anayeuza samaki wa ziwa la Tshangalele, aliniletea mwanawe wa darasa la kwanza. Mtoto akasimama mbele ya picha ya mwisho iliyobaki sebuleni.

"Kambo," akaniita, ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita, "huyu aliiba nini? Iko mufungwa ya Buluo?"

Buluo ndiko liliko gereza letu kubwa, kila mtoto analijua. Kumbe ndicho nilichowaachia: mfungwa! Yule aliyesimama mbele ya watu wakajiona wana nchi, sikumchora hata mara moja. Tangu hapo sikai. Nikiketi nainuka, chai inapoa, usingizi hauji.

Leo asubuhi nikafua mfuko, nikapaka fond. Uso ulikuja wenyewe. Mikono ikakataa. Nikafuta, nikachora, nikafuta tena, nikaitukana burashi kwa sauti.

Rejina akaingia, beseni la samaki kiunoni. "Papa, unagombana na nani?"

"Na mikono."

"Ah, non! Tangu asubuhi haukule! Unataka tukuzike na hii burashi?" Akatua beseni, akainua mkono wa kulia, vidole wazi, akinigombeza mimi baba yake.

"Usishushe!" nikapiga kelele. "Ule mukono, usishushe!"

Akabaki hivyo, magamba ya samaki vidoleni, akinung'unika kwamba nimeingiwa na wazimu. Nikachora kidole kimoja kimoja, rangi ikashika.

Mtoto akaja kuchungulia.

"Kambo, anasema nini?"

Nikaweka burashi chini. "Ikala hapa," nikamwambia, nikimsogezea kigoda. "Nikuelezee."