Kibati Kilichobaki Mfukoni

Asubuhi ya siku yake ya mapumziko, Mama Nyundo alikuwa akifua ovaroli ya kazini alipogusa kitu kigumu mfukoni. Akakitoa. Kibati chembamba, urefu wa kidole gumba. Moyo ukampasuka paa.

Wapo wanaodhani umeme hutoka ukutani. Hutoka mikononi mwa mafundi kama huyu, na hakuna anayewauliza hali. Wiki nzima alikuwa akilivalisha mapanga, kama yale ya feni, gurudumu la turbini, mashine inayozungushwa ili kuzalisha umeme. Kila panga lina mguu uliochongwa meno pande mbili. Husukumwa kutoka ubavuni, likaingia kwenye mfereji wa gurudumu wenye meno yanayolingana nayo, kama droo. Gurudumu likizunguka, panga hutaka kuchomoka nje na meno hulizuia. Lakini droo huweza kuteleza kando. Ndiyo maana chini ya kila mguu hulazwa kibati, ncha zake zikakunjwa kwa nyundo. Mapanga tisini, vibati tisini. Mtunza stoo hatoi cha ziada hata umpigie magoti.

Jioni turbini ingewashwa, na kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, ndiye mwendeshaji. Angesimama hatua sita kutoka kwenye gurudumu. Panga likichomoka kwa kasi ile, chuma cha kifuniko cha turbini ni karatasi tu.

Alitoka mbio hadi kazini na ndala, mikono ingali na povu.

Alikuta kifuniko kimeshafungwa, msimamizi akikaza nati za mwisho.

"Mama Nyundo, umetumisi, au nyumbani wamekufukuza?"

Akafungua kiganja. Msimamizi akaacha kucheka.

"Una hakika kuna panga lisilo nacho?"

"Sina. Ningekuwa na hakika kwamba hakuna, ningekuja mbio hivi?"

"Kufungua ni siku nzima. Wakubwa watanila nyama."

Kaka yake alikuwa amesogea. "Mdogo wangu, labda stoo walikupa kimoja zaidi."

"Stoo? Yule bwana?"

Kaka akacheka bila kutaka. Mama Nyundo hakucheka.

"Basi washeni," alimwambia msimamizi. "Ila leo wewe ndiye ukasimame pale anaposimama kaka."

Msimamizi alipatazama pale mahali. Kisha akageuza spana, akaanza kulegeza nati.

Kifuniko kilinyanyuliwa kesho yake mchana. Mama Nyundo alijilaza kifudifudi, kaka akimmulikia tochi, akapapasa mguu mmoja baada ya mwingine. Kwenye panga la hamsini alianza kuona haya. Kwenye la sitini na tatu kidole chake kilizama patupu.

Akakumbuka. Hapo ndipo alipoitwa akashike mnyororo wa winchi ya kunyanyulia vyuma.

"Nilikuita mimi," msimamizi alisema polepole.

 Mama Nyundo alilaza kibati, akakunja ncha zake kwa nyundo, akajaribu kukichomoa kwa kucha. Hakikutikisika. Kaka akazima tochi.

"Washa," Mama Nyundo alimwambia. "Bado ishirini na saba hatujakagua."